Wauzaji wa oili za mashine za boti: tunaomba TC-W3, mnatupa "sinthetiki" ya pikipiki

Ndugu wanajukwaa, hasa wenye boti za uvuvi na za abiria kuanzia Tanga hadi Mtwara, naleta lalamiko hili hapa kwa sababu nimeshalifikisha dukani kwa mdomo na kwa maandishi, na majibu niliyopewa yalikuwa ya dharau.

Ninamiliki boti mbili hapa Kilindoni, Mafia. Zote zina mashine za tu-stroki za farasi 40, zile ambazo oili na petroli tunachanganya wenyewe kwenye dumu. Kabla kusi halijaanza nilimtuma nahodha wangu Dar es Salaam akanunue oili ya msimu mzima, naye alikwenda na karatasi niliyoandika kwa herufi kubwa: TC-W3, yaani daraja la oili ya mashine za boti. Muuzaji aliisoma, akaiweka pembeni, kisha akamwambia, "Hizo za kizamani, bosi. Chukua hii, sinthetiki asilimia mia, halafu unaweka nusu ya unayoweka siku zote." Bei ya chupa ilikuwa karibu maradufu ya ile oili ya mchanganyiko (sinthetiki iliyochanganywa na oili ya kawaida ya madini) tuliyoizoea, na ni huo ushauri wa kuweka nusu uliofanya hesabu ionekane sawa. Nahodha alimwamini mtu aliyesimama nyuma ya kaunta yenye mabango ya oili kuanzia sakafuni hadi darini, na simlaumu.

Mashine ilizima kwenye mkondo kati ya Mafia na Nyamisati, bahari ikiwa imechafuka na boti ina watu. Walivutwa na boti nyingine hadi nchi kavu, wote wakiwa salama, na kwa hilo namshukuru Mungu. Sitamshukuru muuzaji.

Fundi alipofungua kichwa cha silinda nilikuwa nimesimama pembeni yake. Juu ya pistoni kulikuwa na ukoko mgumu wa rangi ya kijivu kama chokaa, ringi ya juu ilikuwa imegandia kwenye mfereji wake kiasi cha kutosogea hata kwa bisibisi, na upande wa ekzosi pistoni ilikuwa na michirizi mirefu ya chuma kusagana na chuma. Plagi moja ilikuwa na chembe ya ukoko huohuo iliyoziba uwazi ambao cheche inapaswa kuruka. Beringi za kranki zilikuwa kavu. Fundi aliomba kuiona chupa ya oili, akaigeuza nyuma na kunionyesha maandishi madogo: JASO FD (daraja la Kijapani) na API TC (la Kimarekani). TC-W3 haikuandikwa mahali popote.

Kwa wasiofahamu tofauti hiyo, nitaieleza, kwa kuwa hapo ndipo tunapoibiwa. Mashine ya tu-stroki haina sampu ya oili kama gari. Oili huingia pamoja na petroli kwenye nyumba ya kranki, hulainisha beringi na ukuta wa silinda, kisha huungua pamoja na petroli na kutoka kwa ekzosi, kwa hiyo chochote kisichoungua hubaki ndani. Oili za daraja la JASO, kama FC na FD, zimekusudiwa injini zinazopozwa kwa upepo, yaani pikipiki za tu-stroki na misumeno ya kukatia miti, ambazo hupata joto kali na huhitaji visafishaji vyenye metali ili kuzuia masizi. Metali hizo zikiungua huacha majivu. Mashine ya boti hupozwa kwa maji ya bahari yanayopita ndani yake muda wote, silinda zake hazifikii joto hilo, na hukimbizwa kwa nguvu zote kwa saa nyingi mfululizo. Majivu hayo hujikusanya juu ya pistoni na kwenye plagi, yanawaka kama kaa, na petroli huanza kuwaka kabla ya wakati wake hadi pistoni inatoboka au inakwama. TC-W3 ni kiwango cha chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, NMMA, na kimekuwapo tangu miaka ya 1990. Oili inayokidhi kiwango hicho hutumia visafishaji visivyoacha majivu, na hupimwa pia kama inazuia kutu na kama inachanganyika vizuri na petroli. Chupa ya kweli huwa na namba ya usajili inayoanza na RL, na NMMA huchapisha orodha ya oili zilizosajiliwa. Muuzaji anayeshindwa kukuonyesha namba hiyo hana cha kujivunia kuhusu usinthetiki wa bidhaa yake.

Suala la kuweka nusu ndilo linaloniumiza zaidi, kwa kuwa ni ushauri unaotolewa kwa kujiamini na watu ambao hawajawahi kukaa kwenye tezi la boti. Kipimo cha mashine zetu ni 50 kwa 1, yaani dumu la lita 20 za petroli linapata mililita 400 za oili. Mashine ikiwa mpya, saa 10 za kwanza hupewa 25 kwa 1, yaani mililita 800 kwa dumu hilohilo. Muuzaji alipomwambia nahodha aweke nusu, alimpeleka kwenye 100 kwa 1, mililita 200 tu, na beringi kavu alizozikuta fundi zilitokana na mililita 200 zilizokosekana katika kila dumu. Zipo mashine ambazo mtengenezaji ameziruhusu kutumia 100 kwa 1, lakini ruhusa hiyo imo katika kitabu cha mashine husika. Oili kuwa sinthetiki hakubadilishi kipimo hicho hata kidogo, na duka la oili halina mamlaka ya kukibadilisha.

Sipingi oili ya sinthetiki, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba oili ya mchanganyiko ndiyo bora kwa kila mtu. Sinthetiki halisi yenye TC-W3 huungua kwa usafi zaidi, huacha masizi machache kwenye ringi na hutoa moshi kidogo. Hapa Mafia wapo wenye boti za kupeleka wageni kumtazama papa potwe, ambao hukaa muda mrefu mwendo wa mashine ukiwa umeshushwa hadi chini kabisa huku watu wakiogelea nyuma ya boti. Hao wana kila sababu ya kulipa bei ya juu, maana mwendo huo mdogo ndio unaochafua plagi, na moshi unawaingia wateja wao puani. Mvuvi anayekwenda na kurudi kwa mwendo wa kasi kila siku, anayemaliza madumu ya petroli kwa wiki moja, anatosheka kabisa na oili ya mchanganyiko au hata ya madini mradi ina TC-W3 na mradi mililita 400 zinaingia zote. Nikiwa na fedha ya chupa moja ya sinthetiki isiyo na TC-W3, nitanunua chupa mbili za mchanganyiko zenye kiwango hicho bila kusita. Tena hakuna sheria moja ya dunia nzima inayosema oili ya mchanganyiko iwe na sinthetiki kiasi gani, na tangu uamuzi wa mwaka 1999 kuhusu matangazo ya kampuni ya oili ya Castrol huko Marekani, hata oili iliyotokana na mafuta ghafi na kusafishwa kwa kiwango cha juu huuzwa kwa jina la sinthetiki. Mnunuzi wa Kilindoni anawezaje kulipa maradufu kwa neno ambalo halimwahidi chochote?

Kuna pia oili ya kupima, inayouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa huku muuzaji akiapa kwamba ni ileile ya kwenye pipa, "si unaona ilivyo ya bluu." Rangi hiyo hutiwa ili mtu aone kwamba petroli imeshachanganywa; haisemi lolote kuhusu ubora, na mtu yeyote anaweza kuitia.

Niliporudi dukani na chupa, pistoni na picha, niliambiwa kwamba mashine yangu imechakaa. Nilipoonyesha risiti ya pistoni na ringi zilizobadilishwa muda mfupi kabla ya kusi, waligeuka wakasema manahodha wa Mafia huuza oili njiani na kujaza petroli tupu. Huyo wanayemtuhumu ni mtu mzima aliyelea wanangu baharini, aliyekaa na boti inayoyumba akiwatuliza abiria hadi msaada ulipofika. Kumwita mwizi ili kulinda chupa ya oili ni jambo ambalo sitalisamehe, na nimewaandikia kuwataka wamwombe radhi yeye kwanza, kisha walipe gharama ya pistoni, ringi, beringi na kuchonga silinda. Hadi leo hawajajibu.

Ninaomba mambo mawili kwenye uzi huu. Mwenye boti aliyeuziwa oili ya pikipiki kwa ajili ya mashine ya boti aweke hapa picha ya nyuma ya chupa, mahali palipoandikwa daraja, ili tujue ni bidhaa zipi zinazozunguka pwani yetu. Na ninyi wenye maduka, ambao najua mnasoma humu, nijibuni waziwazi: mteja anapofika na karatasi iliyoandikwa TC-W3, nani aliyewapa ruhusa ya kumuuzia kitu kingine na kumwambia apunguze kipimo?