"MAJI HATA BOMBANI YAPO": Yule wa mnyororo njia ya maporomoko leo kamvunjia heshima shangazi yangu

Mpanda Migombani (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, naandika nikiwa stendi ya Moshi, mikono bado inatetemeka. Nikikosea herufi mnivumilie.

Yule wa mnyororo, anayefunga njia na kutoza hela. Jina silitaji, hakuna aliyewahi kupanda kwenda maporomoko upande ule asiyemjua. Kofia ya pama, filimbi shingoni, kiti cha plastiki katikati ya njia. NJIA! Njia ambayo shangazi yangu kaipita na ndoo kichwani kabla baba yake huyo bwana hajaoa!

Leo nimempeleka shangazi. Kavuka sabini, magoti yamechoka, siku hizi anakaa Dodoma kwa mwanawe. Kilichomleta Moshi ni hamu ya kuona tena pale walipokuwa wakichota maji utotoni, basi. Tumepanda mdogo mdogo, migomba huku, kahawa kule, tumevuka mfongo, ule mfereji wa maji wa wazee, na kila kihamba, shamba la ukoo, tunachopita anakitaja kwa jina la babu wa ukoo. Kila baada ya kona tunapumzika, hajalalamika hata mara moja.

Tukafika kwenye mnyororo. Bwana hakusimama. Hakusalimia. Mama mwenye mvi kichwa kizima anakuja mbele yako, wewe umekaa na miguu umeinyoosha! Akatoa kiganja: "Elfu kumi kumi." Shangazi akamwambia kwa upole, tena kwa Kichaga chenyewe, mwanangu, mimi ni binti wa hapa, kwetu ni pale kwenye ule mparachichi. Mnajua alijibu nini?

"Bibi, kama huna hela, maji hata bombani yapo."

Maji hata bombani yapo!! Anaambiwa shangazi! Na hilo bomba maji yake yanatoka wapi kama si huku huku mlimani? Moshi nzima inakunywa chemchemi za Kilimanjaro, halafu binti wa mlima anaelekezwa bombani kama mpita njia!

Wageni wawili wa kizungu waliotutangulia walitoa dola. Stakabadhi waliyopewa ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, nyuma yake kuna hesabu za kugawanya za mtoto, zimewekwa vema na kosa. Nimeona kwa macho yangu. Huyu tukimwacha, mwakani anafunga mnyororo pale mzunguko wa Mnara wa Saa: ukitaka kuinua kichwa uone kilele cha Kibo unalipia kila jicho, mwenye chongo analipa nusu.

Sikatai kulipia. Ziko sehemu tunalipa na tunaona kazi, njia imefagiliwa, ngazi zina pa kushika, kijana wa kukuongoza anakuita mama. Lakini BOMBANI? Kwa mtu mzima?

Nataka isale, lile jani letu Wachaga la kuombea msamaha. Aje na isale mkononi mbele ya wazee wa ukoo, amwombe shangazi radhi. Nje ya hapo sitaki kusikia habari.

---

kibosho_damu
Uzi bila picha hauna mashiko. Leta picha ya mnyororo.

Meku Mstaafu
Pole sana kijana, na kwa shangazi pole zaidi. Huyo bwana namjua, marehemu babu yake namjua, hakuwa na tabia hizo. Nikukumbushe tu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji ya nchi hii ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini. Hayo maporomoko hayana mwenye kihamba. Nenda kwa mtendaji wa kijiji uulize kwa utaratibu, hela ile inaingia kwenye kitabu kipi.

kibosho_damu
Mzee umeleta vifungu vizuri, ila swali ni moja. Mleta uzi, ulilipa au hukulipa?

Mpanda Migombani
Suala si hela!! Suala ni mama mzima kuambiwa BOMBANI!

Dogo wa Soweto
Kalipa huyo 😂😂

kibosho_damu
Elfu ishirini imekwenda na maji. Ya bombani.

Mpanda Migombani
Nimelipa, ndiyo! Ulitaka nimgeuze shangazi pale alipofika, mlango wa kwao? Na wewe fikiria mama yako akiambiwa hivyo kama utacheka. Alipofika kwenye maji hakuongea neno. Kajiosha uso, akasema turudi. Alikuja kutoka Dodoma kwa ajili ya hapo, na akili yake yote ilibaki kwenye lile neno. Bombani!

Mama Sambusa Mbuyuni
Mimi nitasema ukweli, mnitukane. Ile njia masika ilikuwa ya kuteleza kwa makalio. Yule kijana na wenzake ndio waliochimba ngazi na kuweka vile viboriti. Mdomo wake mchafu, nakubali, hata mimi alinijibu ovyo. Ila mkono wake umefanya kazi.

Mpanda Migombani
Mama, kuchimba ngazi nane hakumpi mtu mto! Na ngazi tatu kati ya hizo zimeshaoza. Angeomba mchango kwa adabu shangazi angempa hata zaidi, ndivyo anavyojua kutoa.

Chalii wa Ngarenaro
Oya Moshi mnadeka. Nyie mna maporomoko ya kugombania. Huku Arusha Jumapili ukitoka na mtoto unampeleka wapi akakanyage nyasi bila kuagiza soda? Pale Mnara wa Saa bustani yenyewe ni kiduara, magari yanaizunguka kutwa. Mto Themi unakatiza mjini kabisa, ungekuwa na njia ya kutembea kandokando kilomita na kilomita, sasa sehemu nyingi ukiusogelea unakutana na chupa, nepi na jamaa anaosha bodaboda. Mimi nipeni mnyororo, nitalipa, mradi mbele yake kuna kitu kisafi.

Dogo wa Soweto
Chalii kahamie Moshi. Msitu wa Rau uko mlangoni mwa mji, kwa baiskeli hujatokwa na jasho umefika. Mivule minene hata watu wanne mkishikana mikono hamuuzunguki mmoja, mbega juu, kivuli mwanzo mwisho.

Binti wa Njoro
Dogo, Rau ya lini unayoisifia? Jumapili iliyopita nimekwenda kupumzisha kichwa, wakaingia vijana na spika kubwa kama friji. Msituni! Mbega ni mnyama wa kukaa juu kimya na familia yake anakula majani, wale wote walihama upande wa pili wa msitu. Nikawaomba wapunguze. Mmoja kanijibu "dada kwani nyani wamekutuma?" Kwanza si nyani! Nimerudi nyumbani nimechoka kuliko nilivyotoka.

kibosho_damu
"Kwani nyani wamekutuma" 😂😂 hii imeishinda ya bombani

Mpanda Migombani
Haijaishinda. Soma tena uzi.

Mangi wa Kahawa
Mnahangaika na mnyororo mmoja. Nusu maili je? Ule ukanda wa msitu ulitengwa 1941 ili watu wa mlimani wapate kuni, majani ya ng'ombe na mbao. 2005 msitu ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na nusu maili ikawemo. Mama zetu walipita humo na mundu bila kumwomba mtu ruhusa. Hilo ndilo la kufungulia uzi, si mambo ya kofia ya pama.

Meku Mstaafu
Mangi hapo una hoja, ila na wewe sema yote. Nusu maili ilikuwa imeshakatwa vibaya, kuna mahali palibaki vichaka tu, na mifongo ikaanza kukauka. Tuliokata ni sisi wenyewe.

Mangi wa Kahawa
Waliokata ni wenye misumeno, mzee. Mwenye mundu hajawahi kuangusha mkamfori.

Dada Tengeru
Mmemaliza? Sasa sikieni la Ziwa Duluti, huku Arusha. Ile njia inazunguka ziwa lote, ndani ya msitu, ziwa limekaa kwenye shimo la volkano, kimya, ndege wamejaa. Napenda ile njia kuliko kitu chochote Arusha. Nimekwenda na mama mkwe, nakuta maharusi wamepanga viti, shela limetandazwa kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine, wasimamizi wamelala chini kabisa wanapigwa picha. Nikaomba kupita. Mpiga picha hakunitazama hata usoni, kaniambia "Dada, piteni kwa kuinama." Mama mkwe wangu! Kwa kuinama! Na tukainama!!

Chalii wa Ngarenaro
Piteni kwa kuinama 😂😂😂 nimemwaga chai

Binti wa Njoro
Mama mkwe alisemaje?

Dada Tengeru
Hajasema kitu, ila zile picha yumo. Kwenye moja kaonekana kabisa nyuma ya bibi harusi, kainama, mkoba mkononi.

Dogo wa Soweto
Tafadhali pateni hiyo picha muiweke hapa.

Mpanda Migombani
Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Nani ana namba ya mtendaji wa kijiji?

kibosho_damu
Dada Tengeru, mitumbwi bado ipo pale Duluti? Nataka kuleta watoto Jumamosi.

Dada Tengeru
Ipo. Ila Jumamosi usije, ni siku ya soko Tengeru, barabara ya kuingilia haipitiki. Jumatano nayo hivyo hivyo. Njoo Alhamisi asubuhi, panda daladala za Usa River ushuke Tengeru, utembee kwa miguu.

kibosho_damu
Alhamisi watoto wako shule.

Dada Tengeru
Basi Jumapili baada ya ibada, na mjiandae kuinama.