Msaada wa haraka: napiga muziki kwa kupunga mikono, sauti inaruka

Mpunga_Hewa: Wakuu, habari. Niko Mwanga, Kigoma. Nimeunga sensa mbili za HC-SR04, zile za kupima umbali kwa mwangwi, kwenye Arduino (kibao kidogo cha kuprogramu), waya unaingia kwenye laptopu. Mkono wa kulia unapandisha noti, wa kushoto volyumu. Hakuna wimbo uliorekodiwa, nabuni papo hapo. Shida sauti inarukaruka. Nikilainisha namba kwa wastani, inachelewa. Nifanyeje?

Fundi Katubuka: Sensa hiyo inaona sm 2 hadi 400, kwa hiyo mtu akikatiza mbele yako naye anapiga muziki. Kwenye kodi, tupa chochote kinachozidi sm 50. Pima mara tatu, chukua kipimo cha katikati, achana na wastani. Sensa zipokezane, zisilie pamoja, maana moja inasikia mwangwi wa mwenzake. Na ukunje mikono ya shati, kitambaa laini kinameza mlio.

Mama Kibirizi: Mwanangu, una kazi lakini?

Reli ya Kati: Sisi Tabora tulicheza dansi mpaka alfajiri, gitaa zinaongea. Mpiga solo mmoja alinikopa viatu hadi leo...

Fundi Katubuka: Unapiga wapi, lini?

Mpunga_Hewa: Kashughuli kadogo tu.

Fundi Katubuka: Ka nani?

Mpunga_Hewa: Sendoff ya dada yake mchumba wangu. Jumamosi. Advansi nimeshakula na mixer nimeuza, laptopu ilihitaji memori. Msinihukumu! Theremin, ile ala ya umeme, inapigwa bila kuguswa tangu 1920 huko Urusi. Mwanamuziki Mholanzi Waisvisz alivaa mitambo yake ya muziki mikononi Amsterdam mwaka 1984. Kigoma tumekosa nini?

Mama Kibirizi: Huyo Waisvisz alikuwa anamwingiza bi harusi ukumbini?

Reli ya Kati: 😂😂 Ukwe huo umeshaota mbawa.

Chumvi ya Uvinza: Chai hii. Majuzi si wewe uliyeuliza dawa ya kuku, ukasema uko Isevya, Tabora?

Mpunga_Hewa: Nilihama.

Chumvi ya Uvinza: Na kuku? Tupia video.

Mpunga_Hewa: Umeme umekatika.

Mama Kibirizi: Laptopu haina betri? Leteni vikombe.

Mpunga_Hewa: Fundi, achana nao. Kupokezana ni milisekunde ngapi?

Fundi Katubuka: Karatasi ya maelezo ya sensa inashauri 60 kila mlio. Kwa sm 50 unaweza kushusha, ila jaribu kwanza. Sauti za kuvuta zitakubali, ngoma utaachwa nyuma. Mwingilio wa bi harusi weka kwenye flashi, umpe MC.

Mpunga_Hewa: MC ndiye aliyenunua mixer.