Chensoo (msumeno wa cheni) nyepesi ya umeme kwa kazi za uani: ya waya, ya betri au ile ndogo ya mkono mmoja?

Mzee wa Madale
Wakuu, habari za jioni. Nina kiwanja huku Madale, miembe miwili, mwarobaini mmoja ulioinamia bati, na ua wa michongoma upande wa nyuma. Kila masika ikiisha matawi yameshafika kwa jirani na lawama zinaanza upya. Nimekuwa nikitumia panga na msumeno wa upinde, lakini nina miaka 58 na bega la kulia lilishateguka mara moja. Kijana wa kukodi mwenye msumeno wa petroli anadai hela ya siku nzima hata kazi ikiwa ya nusu saa.

Juzi nilizunguka maduka ya Gerezani nikarudi na kizunguzungu. Nimebakiwa na chaguo tatu:
1. Ya waya, wati 2000, bapa (kile chuma kirefu kinachobeba cheni) la inchi 16
2. Ya betri ya 20V, bapa la inchi 10
3. Ile ndogo ya inchi 6 ya kushika mkono mmoja

Ninachotaka ni wepesi. Nichukue ipi?

Spana17
Mkuu, mimi ni fundi wa mota, hizi zote zinapita mezani kwangu. Kwa hela yako, ya waya ndiyo yenye nguvu ya kweli. Haina betri ya kufa, na kaboni zikiisha unabadilisha unaendelea.

Ila niambie kwanza: mwembe wa mbali uko mita ngapi kutoka kwenye soketi? Wati 2000 kwa 230V ni karibu ampia 9. Wengi wanaiunganisha na ekstensheni ya taa za harusi, ule waya mwembamba. Umeme unafika mwishoni umechoka, mota inalazimisha, inapata moto, halafu naletewa mimi ikinuka. Mpaka mita 30 tumia waya wa 2.5 mm, na kama uko kwenye gurudumu ukunjue wote. Waya uliozungushwa unapikana wenyewe kwa wenyewe.

Bili ya LUKU isikutishe. Nusu saa nzima ya kukata bila kuachia ni yuniti moja tu, na hakuna anayekata nusu saa bila kuachia.

Mzee wa Madale
Nimepima kwa hatua, mwembe wa nyuma ni kama mita 45. Na katikati kuna banda la kuku.

Mkulima wa Tengeru
Basi hapo ya waya imeshajitoa. Mita 45, banda la kuku, mzee anarudi nyuma bila kuangalia na waya uko kwenye majani chini ya cheni yake mwenyewe. Hapana.

Halafu mzee kasema wepesi. Hizo za wati 2000 zenye bapa la inchi 16 zinakaribia kilo tano. Watu wakisikia umeme wanadhani ni nyepesi. Stihl MS 180 ya petroli ni kama kilo nne kabla ya bapa, cheni na mafuta, kwa hiyo mnalingana tu. Tofauti ni kelele, moshi na kuvuta kamba. Ya betri ya inchi 10 ni kilo tatu hivi ikiwa na betri yake.

Mzee, nyumbani una drili ya betri? Ya aina gani?

Jembe Halimtupi
Nunueni petroli, mnajisumbua bure.

Mkulima wa Tengeru
Mkuu, mtu ana matawi ya miembe miwili, hapasui mbao. Petroli iliyochanganywa na oili ikikaa miezi minane ndani ya tangi, kabureta inaziba. Msumeno unaotumika mara mbili kwa mwaka utakuwa kwa fundi mara mbili kwa mwaka.

Mama Lulu
Mimi ninayo namba tatu, ninaitumia huku Bagamoyo mwaka wa pili. Kwa ua wa michongoma na matawi ya unene wa kifundo cha mkono, hakuna kinachoifikia. Nafanya mwenyewe asubuhi kabla jua halijakaza, simsubiri kijana.

Lakini kaka, sikiliza mambo mawili. La kwanza, ukishika kwa mkono mmoja, ule mwingine unajikuta umeshika tawi, na tawi lenyewe liko sentimita chache kutoka kwenye cheni. Mimi ilipita kwenye glovu, namshukuru Mungu ikaishia hapo. Siku hizi nashika kwa mikono miwili hata kama inaonekana kichekesho. La pili, usiipeleke kwenye mnazi. Gome lina mchanga, ndani ni nyuzi tupu, cheni inakuwa butu kabla hujafika katikati.

Na michongoma ikichanganyika na mnyaa, vaa miwani. Yale maziwa yake yakiingia jichoni utalala hospitali.

Spana17
Dada kaongea. Niongeze kuhusu hizo ndogo: ukiona betri imeandikwa 48VF au 88VF, cheka kidogo halafu uliza bei upya. Nimefungua kadhaa, ndani kuna seli tano. Seli moja ya lithiamu ni volti 3.6, mara tano ni 18. Hizo 88 sijui walizitoa wapi. Nyingi pia hazina breki ya cheni.

Mzee wa Madale
Drili ninayo, Makita ya 18V, na betri mbili za 4Ah, zawadi ya kijana wangu. Sasa hii ya 20V niliyoona si ina nguvu zaidi ya 18V?

Mkulima wa Tengeru
Ni kitu kilekile, mzee wangu. Seli tano hizohizo. Ikitoka kwenye chaji inasoma 20 na ushee, ikianza kazi inatulia kwenye 18. Wengine wanaandika ya juu, wengine ya katikati, basi.

Kwa kuwa una betri za Makita, jibu unalo tayari. Tafuta chensoo ya familia hiyohiyo ya LXT, yaani ya Makita inayotumia betri hizo za 18V, ununue mashine tupu bila betri na chaja. Betri ndiyo inayokula hela. Wanazo zinazotumia betri moja, na wanazo zinazobeba mbili kwa pamoja kufikia 36V, ila hizo za mbili ni nzito, ziache.

Usitegemee miujiza lakini. Betri ya 18V ya 4Ah ina nishati ya wati-saa (Wh) 72, yaani 18 mara 4. Chensoo ikivuta wati 700, hiyo ni dakika sita za kukata mfululizo. Zinaonekana chache, ila tawi la unene wa mkono linakatika kwa sekunde chache. Mimi betri mbili zinanitosha asubuhi nzima ya kupogolea miparachichi, kwa sababu muda mwingi unakwenda kwenye kukokota matawi.

Mkuu wa Baraza
Mzee, huyo kijana wako kama yuko nje asikutumie nyingine bila kuuliza. Nipo Minnesota, nilimletea baba mashine ya 56V nikakwama uwanja wa ndege. Betri inayozidi Wh 100 inahitaji ruhusa ya shirika la ndege, ikizidi 160 abiria habebi kabisa. Ya 5Ah ya hizo 56V inapita hapo mbali. Na betri za akiba zinakaa kwenye begi la mkononi, si la kupakia. Mashine ilifika Kigoma, betri ikabaki kwa binamu. Chaja nayo ilikuwa ya 120V.

Baba anaitumia kama kizuizi cha mlango.

Wa Kiambu
😂😂 Pole sana.

Kwetu hizi tunaita pawa soo, na ya stima ninayo ya kukatia mikima. Kitu hamjamwambia mzee ni oili. Akisikia umeme atafikiri haihitaji. Inahitaji, cheni bila oili inachoma bapa siku ya kwanza. Na asiweke ile chafu ya kutoka kwa gari, ina vumbi la chuma, inaziba pampu. SAE 30 safi inatosha.

Anunue pia tupa ya mviringo ya kunolea cheni. Cheni za 3/8 ndogo nyingi hutumia ya mm 4, lakini aangalie kijitabu. Unga laini ukianza kutoka badala ya vipande, piga tupa. Watu husukuma msumeno butu kwa mabega na kusema betri ni mbaya.

Spana17
Sawa, nimekubali betri. Waya wangu wa 2.5 nauza kwa mwingine.

Ila mzee, bega lako: usikate kitu kilicho juu ya mabega, na usipande ngazi nayo. Ncha ya bapa, ile sehemu ya juu, ikigusa tawi jingine mashine inarushwa kukurudia usoni, na juu ya ngazi huna pa kukwepea. Na hayo matawi ya kwa jirani, kama yapo karibu na waya wa nguzo, hiyo ni simu ya TANESCO.

Mzee wa Madale
Nashukuruni wote. Nimechukua mashine tupu ya 18V, inchi 10, chupa ya oili na tupa. Leo asubuhi nimemaliza ua wote na matawi ya chini ya mwembe wa mbele kwa betri moja na nusu. Bega halijasema kitu. Yale ya juu na mwarobaini wa kwenye bati nimemwachia yule kijana, nimemwambia anihesabie kwa mti.

Swali dogo: nikiiweka stoo inavuja oili chini, nimekuta kidimbwi. Ni mbovu?

Mama Lulu
Zote zinavuja kaka. Weka juu ya boksi.

Wa Kiambu
Ama umwage tangi kabla ya kuiweka. Na toa betri, kuna watoto.