Mghani akitoa shairi lake kwa tangazo la biashara, jukwaa lake linabaki?

Mghani wa Kinondoni aliuliza:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaghani mashairi hapa Dar es Salaam, na wakala mmoja wa matangazo ameomba shairi langu, ambalo wasikilizaji wangu wamekwisha kulishika kwa moyo, litumike katika tangazo la soda la sekunde 30. Malipo yanaridhisha. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba shairi lenyewe linalalamikia bei ya ndoo ya maji mtaani, na sijui nitalighani kwa uso gani mbele ya watu waliolisikia likiuza soda. Je, wapo waliotoka jukwaani wakaingia kwenye filamu na matangazo bila kuharibikiwa?

Baharia alijibu:
Mfano wa karibu ni Saul Williams wa Marekani. Alitwaa ubingwa wa ughani wa Nuyorican Poets Cafe, ukumbi wa washairi wa New York, mwaka 1996, na miaka miwili baadaye alikuwa mhusika mkuu wa filamu ya Slam, aliyoshiriki kuiandika, ambayo ilishinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Sundance, Marekani. Mwaka 2008 wimbo wake List of Demands (Reparations), uliotoka 2004, ulisikika katika tangazo la Nike. Wimbo wa kudai fidia kutangaza viatu! Mimi binafsi bado sijaukubali uamuzi ule, lakini ukweli ni kwamba haukumfungia milango: mwaka 2012 alikuwa mhusika mkuu katika filamu ya Alain Gomis iliyopigwa Senegal na kushinda tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu la Afrika, mwaka uliofuata, na mwaka 2021 akaongoza pamoja na Anisia Uzeyman filamu ya Neptune Frost, iliyopigwa Rwanda, ambamo Kiswahili kinasikika pamoja na Kinyarwanda na Kirundi.

Bi. Mizani alijibu:
Kwa nini twende mbali wakati Mrisho Mpoto tunaye? Alipitia maigizo ya kundi la Parapanda kabla ya shairi la "Mjomba" kumpa jina, kisha tukamwona katika Nyumba ni Choo, kampeni ya Wizara ya Afya ya kuhimiza vyoo bora. Kilichoingia kwenye kampeni ile ni sauti yake na namna yake ya kughani, wala si "Mjomba". Waandikie shairi jipya, ndugu yangu, na lile la maji libaki la watu.

Mzee wa Mikataba alijibu:
Naongeza la kiutendaji. Sekunde 30 za ughani wa Kiswahili hubeba takriban maneno 60, kwa hiyo shairi lako litakatwa, na huhitaji ramli kujua kwamba beti za bei ya maji ndizo zitakazotangulia kuondoka. Usiwauzie hakimiliki, wape ruhusa ya matumizi, na mkataba utaje muda, nchi, vyombo (redio, televisheni na mitandao kila kimoja na bei yake), pamoja na haki yako ya kukataa mstari uliobadilishwa. Angalia pia kifungu cha kukuzuia kutangaza vinywaji vingine, kwa sababu kizuizi hicho nacho hulipiwa.

Mghani wa Kinondoni alijibu:
Ahsanteni. Nimewaomba wakala wanitumie mistari wanayoitaka: wamechagua kiitikio peke yake, na ndoo haimo. Nitawapa pendekezo la shairi jipya. Mzee wangu, je, malipo ya kuandika na ya kughani huandikwa pamoja?

Mzee wa Mikataba alijibu:
Yatenganishe. Wakimleta mwigizaji mwingine alighani, utabaki na malipo ya uandishi.