Nimeparuliwa gari ikiwa imepaki, jamaa anataka tumalizane kwa laki na nusu. Nikubali au niende bima?

binti_Tabata
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana huyu mtu ananipigia simu asubuhi na jioni na mimi sijajua nishike lipi.

Jumamosi nilikuwa kwenye harusi ukumbi mmoja Sinza, gari yangu IST ya silva nikaipaki ndani ya uzio wa ukumbi nikaingia zangu ndani. Saa nne usiku mlinzi akaja kuniita, natoka nakuta Noah imerudi rivasi imeniparua kuanzia mlango wa nyuma mpaka kwenye fenda, na bampa limechomoka upande mmoja. Hakuna aliyeumia na gari inatembea. Dereva ni kijana, Noah ni ya mjomba wake, akaomba sana tusiite trafiki, nikachukua namba yake ya simu na nikapiga picha gari zote mbili zilivyokaa namba za usajili zikionekana. Mlinzi aliona tukio lote.

Sasa mjomba mtu anasema ananipa laki na nusu ila nisaini karatasi kwamba nimelipwa yote na sitadai tena. Fundi niliyempelekea kasema laki tatu na themanini. Nikimwambia hivyo anageuka, eti tairi langu lilikanyaga mstari kwahiyo kosa ni la wote wawili, na ukutani kuna kibao cha "unapaki kwa hatari yako mwenyewe". Mimi nina bima kubwa, ile inayolipa mpaka hasara ya gari langu mwenyewe. Je nidai kwangu au kwenye bima ya Noah? Na kwa kuwa trafiki hakuja siku ile nimeshapoteza haki?

Chuma Chakavu
Dada chukua hiyo laki na nusu umalizie hapo. Ukianza mambo ya trafiki na bima utazungushwa mpaka uchoke na mafuta utakayochoma ni hela nyingi kuliko mkwaruzo wenyewe.

mdau wa madai
Mkuu hapo juu nakuheshimu ila ushauri huo ndio unaofanya watu waendelee kulipwa nusu ya hasara yao. Nimefanya kazi ya madai ya bima ya magari muda mrefu, ngoja nimweleze dada.

Kwanza USISAINI hiyo karatasi. Ukishaandika umelipwa yote, hata mlango ukifunguliwa wakakuta bati la ndani limekunjika huna pa kushika. Na kibaya zaidi, kampuni yako ya bima ikikutengenezea gari inakuwa na haki ya kwenda kumdai aliyekugonga, ukishamsamehe kwa maandishi umeifungia mlango na wao wanaweza kukataa kukulipa wewe.

Kuhusu kosa, gari yako ilikuwa imesimama haina mtu, yeye ndiye anatembea na tena anarudi nyuma. Anayerudi rivasi ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha nyuma kuko salama. Tairi kukanyaga mstari hakujamsukuma mtu. Ingekuwa umeliacha barabarani kwenye kona usiku bila taa wala pembetatu hapo tungeongea mengine. Na kile kibao ni mwenye ukumbi anajikinga yeye, hakimlindi mtu aliyekuja kukuparua.

Sasa udai wapi. Ukidai kwako kuna kiasi cha mwanzo unachobeba mwenyewe, wanaita ekses, kimeandikwa kwenye mkataba wako wa bima. Chukulia mfano ekses ni 250,000, kwenye kazi ya 380,000 bima itakuongezea 130,000 tu na mwakani unaweza kukosa punguzo la mtu asiyedai. Kwa mkwaruzo kama huu nisingegusa bima yangu kabla sijaijaribu ya kwake. Hata ile bima ndogo kazi yake ni hiyo, kulipa hasara ya mtu wa tatu, na hapo mtu wa tatu ni wewe.

Ingia TIRA MIS, mtandao wa mamlaka ya bima wa kuhakiki bima za magari, uweke namba ya usajili ya Noah, utaona kama kava iko hai na ni ya kampuni gani. Kijana kutokuwa mwenye gari sio tatizo, bima inafuata gari, muhimu awe na leseni hai na aliendesha kwa ruhusa ya mwenye gari.

Hujachelewa lakini usilaze damu. Nenda kituo cha polisi cha eneo lile kitengo cha trafiki na picha zako na jina la mlinzi, utoe taarifa. Bima watataka ripoti ya polisi, mchoro wa tukio na ukaguzi wa gari. Usije ukadanganywa kufuatilia PF3, ile ni fomu ya polisi ya majeruhi. Na kampuni yako wataarifu kwa maandishi hata kama hudai kwao, mikataba mingi ya bima inataka hivyo.

Rangi na Bodi
Mimi fundi rangi, naongea kwa gari lenyewe. Silva ndio rangi inayotuumiza, kodi ya rangi ya gari yako angalia kwenye kibati chini ya boneti. Ukipiga fenda peke yake juani utaona kipande kina rangi tofauti, lazima uivutie mpaka mlango wa jirani ndio ikubaliane. Kwahiyo hiyo 380,000 sio uongo, anayekwambia laki na nusu atakujazia pati na sprei ya kopo, miezi michache inapasuka. Chukua makadirio ya gereji mbili yaandikwe kwa karatasi, na mwambie fundi afungue bampa kabla ya kutaja bei, klipu na kishikio cha ndani huwa vinavunjika na kwa nje huoni.

Pwani_254
Pole sana dadangu. Huku Mombasa ni hivyo hivyo, unaripoti stesheni unapewa abstrakti ya polisi, yaani karatasi ya kuonyesha umeripoti, bila hiyo bima hawakusikizi kabisa. Huyo mlinzi andikisha maelezo yake mapema, hawa wenzetu huhamishwa kazi na ushahidi unapotea naye.

binti_Tabata
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeangalia Noah ina kava hai. Nimemwambia mjomba naenda kuripoti, ghafla anasema bora alipe gereji mwenyewe yote bila bima. Nikubali?

mdau wa madai
Kubali lakini ripoti kwanza, taarifa ikiwa kituoni haimdhuru mtu anayelipa kweli. Halafu karatasi iandikwe na wewe sio yeye: tarehe, namba za gari zote mbili, kwamba Noah iligonga gari iliyopaki, kazi ni mlango, fenda na bampa kwa makadirio yaliyoambatanishwa, na kwamba madai yanafungwa siku utakapokabidhiwa gari ukaikagua mchana. Hela aipeleke gereji moja kwa moja na risiti ya EFD ubaki na kopi. Mlinzi asaini kama shahidi. Akikataa kusaini hiyo, siku hiyo hiyo peleka faili kwa bima yake.