Tamasha linaimba kila mwaka, tangi letu halijawahi kuona tone la maji

Wadau, leo sitaongea kwa upole. Nina binti gredi ya 5 katika shule ya msingi hapa Rhonda, Nakuru, na niko kwenye kamati ya wazazi.

Kuna tamasha kubwa la muziki linalokuja mjini kila mwaka. Miaka 2 iliyopita walitangaza kwamba sehemu ya pesa za tiketi itarudi kwa jamii, na shule yetu ikachaguliwa. Tulikaa juani kuanzia saa tatu hadi saa saba tukingoja wageni. Watoto walikuwa wamefundishwa wimbo wa kuwashukuru watu ambao hawajatoa kitu bado! Ikaja hundi ya kadibodi ndefu kuliko mtoto wa chekechea, picha zikapigwa, wakaenda zao.

Kilichofuata ni tangi moja la plastiki la lita 10,000, jina la tamasha limeandikwa kwa herufi kubwa. Gata ya kukinga maji ya mvua kutoka paani hakuna. Paipu hakuna. Mfereji wa kuchotea hakuna. Masika mbili zimepita na maji yamemwagika uani hadi watoto wanaruka matope kwenda darasani. Bati la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 tu, hiyo ni karibu lita 1,000. Hebu pigeni hesabu ya msimu mzima.

Mwenyeji wa hapa anajua kwa nini tunalilia maji ya mvua. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi, na ndiyo inayowaachia watoto wetu meno ya kahawia ambayo hata usugue vipi hayarudi. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Binti yangu akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Nikimwona hivyo, halafu nikipita kando ya lile tangi, roho inaniuma.

Nimepiga simu ofisini kwao. Wa kwanza: "Mama, hiyo ni ya idara ya jamii." Idara ya jamii nayo: "Mradi ulikamilika." Ulikamilika! Fundi wa mtaani alishapima, anasema gata na paipu ni kazi ya siku 2.

Na asiniambie mtu kwamba matamasha hayawezi. Roskilde kule Denmark limekuwepo tangu 1971, halifanyi biashara ya faida, na kinachobaki hupewa miradi ya jamii na utamaduni.

Ninachotaka ni hesabu isomwe mbele ya wazazi: tiketi ngapi ziliuzwa, shilingi ngapi zilitengwa kwa shule, nani alizipokea.

Sasa wametuma barua tena. Wanaomba watoto wakaimbe jukwaani, bila malipo. Kamati inakutana Jumamosi. Mimi nitakataa, na wazazi wa Rhonda mlio humu, tafadhali msiniache peke yangu kwenye hicho kikao.