Mwenzetu amepoteza macho na ameacha kuja barazani: asiyeona anachezaje bao?

Katibu wa Baraza (Tanga)

Assalaam aleikum, na shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wazee wastaafu hapa Ngamiani. Tuko kumi na tisa. Wengi tulikuwa reli, wengine bandarini, wawili walimu, mmoja alikuwa nyapara kwenye shamba la mkonge. Tunakaa kila siku baada ya alasiri chini ya mwarobaini, na Alhamisi ni siku ya daftari. Nasoma habari za wanachama, tunachanga elfu tano za mwezi, kahawa inazunguka, halafu bao mpaka magharibi.

Alhamisi iliyopita daftari lilikuwa na mambo. Mmoja kapata mjukuu wa nane. Mmoja katoka kulazwa Bombo na anatembea. Tumemzika mke wa mwenzetu kule Pongwe, mfuko ukatoa sanda na daladala mbili. Watatu wamekwenda kuhakiki taarifa zao za pensheni, nikawakumbusha waliobaki wasisubiri siku ya mwisho. Kila jina nikisoma, mtu anaitikia au wenzake wanamsemea. Nilipofika namba nne hakuna aliyesema kitu, nami sikuwa na la kusoma.

Namba nne alikuwa dereva wa treni. Aliingia reli wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kabla haijavunjika mwaka 1977, akaanza kama msaidizi wa dereva na akaiendesha njia ya Tanga na Moshi mpaka anaijua kila kona. Treni ya abiria kutoka Dar iliporudi Moshi Desemba 2019, yeye ndiye aliyetuchangisha nauli ya basi twende Korogwe kuiona ikipita. Tulikwenda sita. Wakati ule alikuwa bado anaona.

Ni presha ya macho. Ilianza kwa kugonga bega mlangoni, kisha akawa hazioni baiskeli zinazotokea ubavuni. Sasa anachojua ni mwanga na giza tu. Tangu mfungo wa Ramadhani hajakanyaga barazani.

Nimekwenda kwake Makorora mara tatu. Mara mbili niliambiwa amelala. Mara ya tatu alitoka mwenyewe, mkono ukutani, akakaa kwenye kizingiti akaniambia: "Katibu, nikija nitasikiliza kete zinalia, halafu mtu aniambie nani kafungwa. Hilo siliwezi. Na mtu wa kunihesabia simtaki."

Wenzangu wanasema tumwekee dhumna, zile tundu zake zinashikika kwa kidole. Nilimpelekea salamu hizo, akacheka kidogo akabadilisha mazungumzo. Huyu ni mtu wa bao. Ndiye aliyenifundisha mimi kula kichwa, lile shimo la mwisho wa safu, bila kuivunja nyumba, lile shimo kuu la kuwekea kete nyingi.

Tatizo ni sheria yetu: kete iliyoguswa imechezwa. Na aliyekuwa akiisimamia kuliko wote ni yeye. Asiyeona hawezi kucheza bila kugusa. Je, kuna aliyewahi kumwona kipofu akicheza bao la Kiswahili, siyo kwa kusimuliwa? Mlifanyaje?

Mkaa Barazani (Unguja)

Wa aleikum salaam, katibu. Nimemwona, tena amenifunga mara nyingi. Ni ami yangu, Mungu amrehemu. Alipoteza macho akiwa mtu mzima na alicheza miaka zaidi ya kumi baada ya hapo.

Nakwambia tulivyofanya. Mkono wa kushoto ni wa kusoma, wa kulia ni wa kucheza. Kushoto agusapo si hesabu. Kulia akigusa, amecheza, hakuna kurudi. Basi sheria yenu haivunjiki, imegawanywa mikono miwili tu.

La pili, mpinzani anataja. Akinamua, yaani akitia kete ya mkononi ubaoni, anasema shimo gani na kala wapi: "nimekula kimbi chako cha kulia, nimelala pale." Kimbi ni shimo la pembeni mwa safu, na kulala ni kete ya mwisho kuangukia shimo tupu. Akinyamaza amekosa adabu. Nyumba haina shida, ni shimo la mraba, kidole kinaijua kwa pembe zake. Na kumbuka mwanzo wa mchezo hauna cha kutafuta: sita nyumbani, mbili, mbili, na ishirini na mbili mkononi. Hayo mchezaji wa bao anayajua hata usingizini. Kazi inakuja mkishaingia mtaji, yaani kete za mkononi zimekwisha na mnacheza za ubaoni, mashimo yamejaa.

Hapo ami alikuwa anachota shimo lote kwa kushoto, anahesabu kiganjani, anarudisha palepale. Anasoma safu tatu: mbili zake na ya mbele ya mwenzake, maana huliwa ya mbele tu. Ya nyuma ya mwenzake aliisoma akiwa na shaka. Mtampa muda mwanzoni. Baada ya mwezi ninyi ndio mtakaoomba muda.

Binti Muuguzi (Morogoro)

Shikamoo baba katibu, shikamooni wazee wote.

Bao silijui, ila nafanya kazi kwenye kliniki ya macho na nimeona mawili ya kusema.

Kwanza, macho yaliyokwishapotea kwa presha hayarudi, lakini mwanga aliobakiwa nao una thamani kubwa, na dawa za matone ndizo zinazoulinda. Wazee wengi wakishaona giza huacha dawa, wanaona za nini tena. Tafadhali mwulizeni kwa upole kama bado anaweka. Na ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Wanawe na ndugu zake waliozaliwa tumbo moja, hasa waliofika miaka arobaini, wapimwe hata kama wanaona vizuri. Hauumi. Unakula pembeni kwanza na mtu hajui, kama ulivyosema kuhusu baiskeli.

Pili, siku mtakayomfuata, msimshike mkono mkamvuta. Mpe kiwiko chako akishike yeye, utangulie nusu hatua. Ukifika kwenye ngazi, simama kidogo umwambie kama inapanda au inashuka. Akifika kwenye kiti, mwekee mkono wake kwenye mgongo wa kiti, atakaa mwenyewe. Na kila anayemsalimu ataje jina lake, asimwulize "unanijua mimi nani?" Baba yangu mzazi swali hilo lilimfukuza msikitini miezi miwili.

Mstaafu wa Bandari (Mombasa)

Katibu, salamu kutoka Mji wa Kale. Ndugu yetu wa Unguja amesema kweli, lakini mimi naongeza jambo na ulichukue kwa uzito.

Usimwekee sheria yake peke yake. Ukisema "wewe tumekuruhusu kugusa," umeshamweka kando, na mtu aliyeendesha treni hawezi kukubali ruhusa ya namna hiyo. Iwe sheria ya baraza zima: kushoto kusoma, kulia kucheza, kila mtu, na kutaja mchezo kwa sauti, kila mtu. Sisi wenyewe macho yako wapi? Kwetu kuna wazee wanne wanaoinama mpaka pua iguse ubao, na hakuna anayekubali kwamba haoni.

Halafu angalia ubao wenyewe. Mabao ya zamani mashimo yamelika, kete zinaruka. Kwa anayeona ni usumbufu mdogo. Kwa asiyeona mchezo umekufa.

Katibu wa Baraza (Tanga)

Nawashukuru sana, na wewe mwanangu wa Morogoro, marahaba. Matone alikuwa ameacha. Bintiye amempeleka tena kliniki, na ndugu zake wawili wamepimwa. Mmoja wao ameanzishiwa dawa.

Ndugu wa Mombasa, kabla ya kujibu nilitaka kujua mwenyewe. Usiku nilijifunga kitambaa machoni nikacheza na mjukuu wangu wa darasa la sita. Nyumba niliipata mara moja, ni kweli pembe zinasema. Lakini ubao wetu una umri kuliko kikundi, na mashimo mawili upande wa kushoto yamekuwa kama visahani. Nilipoteza kete sita sakafuni, na kila moja ilinichukua muda kuitafuta kwa magoti. Komwe, hizi mbegu tunazochezea kama kete, likidondoka kwenye saruji linakimbia mbali.

Niliitisha kikao. Walimu waliunga mkono upesi. Nyapara ndiye aliyekataa, akasema bao la kusemasema ni la watoto. Tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Mwisho nikampa kitambaa, nikamwambia cheza mchezo mmoja. Alifika mtaji, akavua kitambaa, akakaa kimya, kisha akasema andika. Nikaandika.

Ubao tumeupeleka kwa seremala Chuda, auchimbe upya kwa patasi na kulainisha kingo. Nitarudi kuwaambia.

Mkaa Barazani (Unguja)

Chini ya ubao wekeni mkeka au blanketi kuukuu, kete ikidondoka ilale pale pale. Tunasubiri habari.

Katibu wa Baraza (Tanga)

Ni wiki tatu sasa, samahanini kwa kuchelewa. Nilitaka nilete habari iliyokamilika.

Nilikwenda Makorora Alhamisi baada ya adhuhuri. Sikumwambia kwamba tumeweka sheria kwa ajili yake. Nilimwambia kuna sheria mpya, wamepiga kura, na mimi nataka maoni ya mtu anayeijua ya zamani. Hilo lilimwuma. Alisema mbona hakuulizwa. Nikasema njoo ukawaulize. Akaingia ndani, akatoka amevaa kofia na shati jeupe lililopigwa pasi, tukapanda bajaji.

Kiwiko nilimpa kama tulivyoelekezwa. Wenzangu walisalimu mmoja mmoja kwa majina. Alikaa, akauliza ubao uko wapi, nikamwekea mkono. Alipitisha vidole vya kushoto safu zote nne, polepole, kutoka mwisho hadi mwisho, akarudi kwenye lile shimo la tatu upande wake lililokuwa limelika. Akazungusha kidole gumba ndani yake mara mbili.

"Mmelichimba," akasema.

Hakuna aliyejibu. Nyapara alikaa mbele yake, akapanga kete, na yeye akapanga zake: sita, mbili, mbili, zilizobaki kwenye paja. Nilikuwa na hofu na nyapara, lakini alitaja kila mchezo kwa sauti kubwa kama anaita namba za vibarua shambani. Yule bwana alikuwa anainamisha sikio. Nikagundua kwamba hasikilizi maneno tu. Anahesabu kete zinavyogonga mbao. Mara moja nyapara alitaja kwamba amelala, akamjibu, "Hujalala, hiyo ya mwisho imegonga kete mwenzake." Tukaangalia. Ilikuwa kweli, nyapara alikuwa amekosea.

Mchezo wa kwanza alifungwa, kwenye mtaji, mkono wa kushoto ulichoka kuhesabu. Hakulalamika. Wa pili uliingiliwa na adhana ya magharibi. Tulifunika ubao kwa kanga, kete zikiwa ndani, tukaenda kuswali.

Ijumaa alikuja bila kufuatwa, kaletwa na mjukuu wake. Kabla hatujafunua kanga alitutajia kete zilizomo kwenye kila shimo la safu zake mbili, mashimo kumi na sita. Alikosea moja tu. Mchezo ule alishinda. Safu ya mbele ya nyapara ilibaki tupu kabisa, na watu walipiga kelele mpaka muuza kahawa akaja kuona kuna nini.

Sasa nina shida nyingine, na hii ni yako ndugu wa Unguja. Wazee wote wanataka ubao wa mashimo ya kina, na mmoja hautoshi. Seremala ameshaanza wa pili. Komwe hapa tumekusanya arobaini na moja, nyingine ni ndogo mno, kiganjani hazihesabiki vizuri. Nahitaji ishirini na tatu kubwa, zinazolingana, nzima bila ufa. Ukipata mtu anayevuka kuja Tanga, mpe. Nauli yake na bei ya komwe vitatoka kwenye mfuko, imeshaandikwa daftarini.